Maji yanafika wapi?

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta chumba Kigogo, Dar es Salaam, kule kwenye bonde la Mto Msimbazi. Dalali akatuonyesha kimoja cha bei poa, ndani kimepakwa rangi mpya. Nikamuuliza masika maji yanafika wapi. “Aah, kaka, hapa hayafiki.” Nikazunguka nyuma, ambako hakuna aliyehangaika na brashi: alama ya tope ilikuwa usawa wa kifua changu.

Tumezoea kuwaita watu wa Bonde la Msimbazi wabishi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali huko pembezoni mwa jiji, na kweli wapo waliorudi. Lakini anayebeba mizigo Kariakoo atatoka Mabwepande kwa nauli gani? Halafu bonde hilohilo tunalowaambia wahame, ndimo ilimojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, pale Jangwani. Nayo imefurika zaidi ya mara moja!

Kwangu mimi, anayeijua hatari akaipaka rangi ili avute kodi ya miezi sita ana lawama kubwa kuliko anayelala humo kwa kukosa pa kwenda. Mdogo wangu amepata chumba Tabata, mbali na mto. Ghali kidogo, na choo ni cha kuchangia.