Treni za vijijini Ujerumani: kampuni hushindania mkataba, si abiria

Mtu anayetoka Dar es Salaam akiambiwa kwamba treni za mikoani nchini Ujerumani zimefunguliwa kwa ushindani, hufikiria mara moja daladala za Mbagala: magari mawili yakifukuzana kuelekea kituoni, makondakta wakivutana abiria, na anayewahi ndiye anayejaza. Katika mji mdogo wa jimbo la Thüringen ninakoishi hakuna kitu cha namna hiyo. Treni yetu hupita mara moja kwa saa, ina mabehewa mawili yanayotumia dizeli, na kampuni inayoiendesha ni moja tu. Asiyeridhika nayo hana nyingine ya kupanda. Kampuni zilishindana zamani, siku zabuni zilipofunguliwa ofisini, na aliyekuwa akizichagua ni serikali ya jimbo, wala si sisi tunaosubiri jukwaani.

Utaratibu huu ulitokana na mageuzi ya mwaka 1994, pale mashirika ya reli ya Magharibi na Mashariki yalipounganishwa kuwa Deutsche Bahn. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1996, majimbo yalikabidhiwa jukumu la kuagiza na kulipia treni za mikoani kwa fedha zinazotoka serikali kuu. Kwa kuwa nauli za vijijini hazitoshi kuendesha treni, jimbo hupanga ratiba, aina ya mabehewa na saa ya treni ya mwisho, kisha hutangaza zabuni. Kwa kawaida anayeomba ruzuku ndogo zaidi ndiye anayepewa kazi, na mkataba huweza kudumu miaka kumi hadi kumi na mitano.

Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba mpango huu umeharibu kila kitu. Reli ya Schönbuch, kati ya Böblingen na Dettenhausen, ilikuwa imeacha kubeba abiria tangu miaka ya 1960, lakini ilipofunguliwa upya mwaka 1996 watu walijaa kupita makadirio. Jimbo la Niedersachsen nalo lilitumia akili: lilinunua treni lenyewe na kuzikodisha kwa mshindi wa zabuni, hivyo kampuni ndogo isiyo na mtaji wa kununua mabehewa ikaweza kuingia ulingoni. Bila hatua kama hizo, ushindani ungebaki kuwa jina tu, kwa sababu treni mpya ni ghali na benki haikopeshi kwa maneno matupu.

Kasoro ilionekana wazi katika kisa cha Abellio, kampuni iliyokuwa mali ya reli za taifa za Uholanzi na iliyoendesha treni hata hapa Thüringen. Ilishinda zabuni nyingi kwa bei ya chini. Baadaye mishahara ya madereva ilipanda kuliko ilivyokadiriwa, na matengenezo ya reli, ambayo hayakuwa mikononi mwake, yaliichelewesha na kuiletea makato ya malipo, huku mikataba ikiwa imefungwa kwa miaka mingi. Mwaka 2021 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na mwanzoni mwa mwaka 2022 njia zake za jimbo la Nordrhein-Westfalen zilikuwa zimegawiwa kampuni nyingine. Mtanzania anayekumbuka RITES, kampuni ya India iliyochukua asilimia 51 ya kampuni ya reli ya Tanzania mwaka 2007 kwa mkataba wa miaka 25, hatashangaa: hata miaka mitano haikutimia kabla ya serikali kuirudisha reli mikononi mwake, baada ya migomo ya wafanyakazi wanaodai mishahara yao.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, ubora wa huduma hauletwi na wingi wa kampuni, bali na mkono ulioandika mkataba na jicho linaloukagua. Jimbo la Bavaria huwatuma wakaguzi wakapande treni kama abiria, watazame usafi, vyoo na namna watu wanavyopewa taarifa safari inapovurugika, kisha matokeo yakaathiri malipo ya kampuni. Mahali ambapo hakuna ukaguzi kama huo, hesabu ni nyepesi: ikiwa makato ya safari iliyofutwa ni madogo kuliko mshahara wa dereva wa akiba, mhasibu atachagua makato.

Hesabu hiyo nimeionja. Jioni moja ya majira ya baridi, kampuni inayohudumia njia yetu ilifuta treni mbili mfululizo kwa upungufu wa wafanyakazi. Basi mbadala lilisimama uwanja wa soko, si stesheni, na aliyetujulisha ni mzee aliyekuwa akipita na mbwa wake. Kuhusu choo cha treni yetu nitasema tu kwamba karatasi iliyobandikwa mlangoni kutangaza ubovu sasa imebadilika rangi.

Ndugu zangu mnaohamia huku, mlalamikie mwendeshaji, lakini nakala ipelekeni kwenye mamlaka ya jimbo inayoagiza treni, kwa kuwa huyo ndiye mteja ambaye kampuni inamwogopa. Fidia msiitegemee sana. Mwenye tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ile iliyoanza mwaka 2023 kwa euro 49 na kufika euro 58 mwaka 2025, hupata euro 1.50 akicheleweshwa saa moja au zaidi, na kiasi kilicho chini ya euro 4 hakilipwi, kwa hiyo inambidi acheleweshwe mara tatu ndipo fomu yake ishughulikiwe.