Krugerrand yangu ya kwanza

Jamani hatimaye nimeishika Krugerrand yangu ya kwanza, ile sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, ya 1974, na kusema kweli sikutegemea iwe nzito hivi, gramu 33.93 kwenye kitu kidogo namna ile, unausikia uzito kabisa kiganjani. Dhahabu yenyewe ndani ni gramu 31.1, yaani aunsi moja kamili ya kupimia dhahabu, iliyobaki ni shaba, ndo maana ina wekundu flani hivi na haikwaruziki ovyo, wanaotaka njano tupu watafute Maple Leaf, sarafu ya Kanada ya dhahabu tupu, mi hapana. Afrika Kusini walianza kuitoa 1967. Mbele Paul Kruger, rais wa zamani wa Transvaal huko huko Afrika Kusini, na ndevu zake, nyuma swala anatembea, mpaka kwato unaziona. Naishika ukingoni tu, jasho la vidole sitaki liiguse.