Deiwaka wa chini ya mti: nilivyoanza kulipwa kwa magogo

Kazi yangu ni saidia fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, tena deiwaka, yaani kibarua wa siku, sina bosi mmoja. Hapa Arusha wapo maopareta wanaokata miti ya majumbani, ile iliyoinamia bati au iliyozidi getini, na wengi hawana kijana wa kudumu, wakipata kazi wanapiga simu, uko wapi, njoo Njiro na kamba zako. Naenda. Opareta anapanda, mimi nabaki chini na kamba, panga, tupa na dumu la mafuta. Wapita njia wanamwangalia wa juu tu na kumpiga picha, sina neno, ila aliye juu anajua tawi likikatika usalama wa bati na wa miguu yake mwenyewe uko kwangu.

Nianze na kamba, maana hapo ndipo saidia fundi anapokula hela yake. Mti wa shambani unauangusha mzima, unakata mdomo upande unaotaka ulale, unahamia nyuma, unabakiza kipande kisichokatwa kama sehemu ya kumi ya unene wa shina ili mti uende taratibu kama mlango kwenye bawaba zake, basi. Mti wa Sakina uliobanwa na nyumba, tenki la maji na ukuta wa jirani huwezi, huo unashushwa vipande kuanzia juu. Opareta anafunga kamba kwenye tawi, kamba inapita kwenye panda ya mti juu yake, inashuka kwangu, na mimi siishiki kwa nguvu za mikono, naizungusha shinani mara mbili au tatu, tawi likiwa zito naongeza mzunguko, msuguano wa kamba na shina ndio unaobeba. Likikatika siikazi ghafla, naiachia iteleze kidogo ndio naibana polepole, maana ukiibana papo hapo mti wote unatikisika na jamaa anatikisika nao, utatukanwa mpaka bibi yako aliyezikwa. Na kamba haizungushwi mkononi wala kiunoni, hata kwa kitawi.

Chenso ikiwaka hamsikilizani, kwa hiyo ni filimbi. Mlio mmoja simama, miwili kata. Waya za umeme zikiwa karibu hakuna filimbi wala ujanja, mwenye nyumba aende TANESCO wazime laini au waje kuukata wenyewe, na mimi hapo nasubiri nje ya uzio hata kama opareta anasema ah, hizi ziko mbali.

Sasa hela. Saidia fundi analipwa kwa siku, na ni hela ya kula na kodi, haikai. Nilichokuja kukiona baada ya muda ni kwamba mwenye nyumba anachotaka ni mti uondoke, akili yake iko kwenye bati. Gogo likishalala chini linamkera, limeziba njia ya gari, na mara nyingi anatoa hela tena ili libebwe! Opareta naye kichwa chake kipo kwenye kazi ya kesho. Yaani kuna mgrevilea wa miaka mingi, shina limenyooka, halina mwenyewe.

Nikaanza kuongea mapema. Kuna mama mmoja wa Tengeru, mgrevilea wake ulikuwa kwenye mpaka wa kahawa na jiko, nilimwambia hivi: "Shikamoo mama, hela yangu ya leo nipe nusu, mabaki yote nakusafishia mimi, ila shina liwe langu." Akaniangalia. "Marahaba mwanangu, na kuni?" Nikamwambia matawi yote yawe yake, nitamkatia saizi ya jiko. "Na mabanzi?" Huyo mama alijua biashara kuliko mimi bana! Tukagawana mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye gome, akazibia banda la ng'ombe. Tangu hapo swali la gogo ni la nani naliuliza kabla chenso haijawashwa, mbele ya opareta, kila mtu asikie, kwa sababu mti ukishalala ukaonekana umenyooka kila mtu anakuwa na shemeji seremala.

Kupasua nilijifunza kwa opareta mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi Mafinga. Kule wana mashine ya kupasulia inaitwa dingdong, unasukuma gogo linatoka mbao. Sisi huku ni chenso na jicho. Gogo unalilaza juu ya magogo madogo mawili, unalibana na kabari lisibiringike, halafu unapiga uzi. Betri za redio zilizokufa unazipasua, ule unga mweusi unachanganya na maji kidogo, unachovya uzi wa kujengea, wawili mnaukaza kutoka kichwa hadi kichwa cha gogo, unauvuta juu katikati na kuuachia, paa, mstari mweusi umenyooka. Betri ikishavuja usiishike mikono mitupu, na makopo yake usiyaache shambani kwa mama wa watu. Wengine wanatumia oili chafu badala ya betri, inafanya kazi, ila inaacha doa.

Cheni ya kukatia magogo haipasui vizuri. Meno yake yamenolewa mshazari kama nyuzi 30, ukiingiza kwa urefu wa mti inalalamika, inachoma na mashine inachemka. Kwa kupasua nanoa karibu na kunyooka, nyuzi 10 hivi, na napitisha tupa kila baada ya tenki moja la mafuta, hata kama bado naona inakula. Mafuta ya mashine yangu ni mililita 20 za oili ya tu-stroku kwa lita moja ya petroli, napima kwa bomba la sindano la duka la dawa, sikadirii kwa jicho.

Hasara ya chenso ni vumbi. Kila mpasuo unakula kama milimita 8, theluthi ya inchi. Chukua gogo ulilolichonga likawa mraba wa inchi 12, ukilipasua mbao za inchi moja unapata 9 tu, wakati mashine ya msumeno mwembamba ingekupa 11. Ndiyo maana mimi napenda kupasua za inchi 2, mipasuo michache, vumbi kidogo, na seremala akitaka nyembamba atazipasua tena kwenye mashine yake. Vumbi lenyewe huwa silipeleki kwa wafuga kuku, limechanganyika na oili ya cheni, wanunue maranda ya seremala.

Tatizo kubwa la miti ya mjini lakini sio vumbi, ni chuma. Mti umesimama uani miaka mingi, umepigiliwa misumari ya kuanikia nguo, seng'enge ya uzio, kibao cha chumba kinapangishwa, mbwa mkali, halafu gome limefunika vyote. Cheni mpya ikigonga msumari imekufa hapo hapo. Mimi nina sumaku niliyotoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kwenye kamba ya kiatu, naitembeza polepole juu ya gome futi sita za chini, inavutika kidogo tu pembeni unajua kuna kitu. Uliozama sana sumaku haiuoni, hapo naangalia kichwa cha gogo, doa jeusi la kibluu linalokimbia na urefu wa mti ujue kuna chuma mahali. Kipande hicho nakikata kinakuwa kuni, sijadiliani nacho.

Na sio kila mti wa kupasua. Mgrevilea ndio mkate wangu, uliletwa kutoka Australia kuwa kivuli cha kahawa na sasa upo kila mpaka wa shamba, mbao yake ina madoadoa mazuri ukiipasua vizuri, ila wenyewe na ngozi ni ugomvi, majimaji na vumbi lake linawasha, mimi navaa mikono mirefu hata jua likiwa la Februari. Saipresi ni mserereko. Mkaratusi una hasira ndani, unaupasua huku mbao inajikunja unaiona, na vichwa vinapasuka usiku, kwa hiyo huo nauza nguzo au kuni. Mparachichi wadudu wanauwahi kuliko wewe. Mringaringa ukiupata ni sherehe, mafundi wa milango wa Unga Limited wanaugombania, lakini ni mti wa asili na maswali ya kibali ni mengi zaidi.

Kibali wengi wanadharau. Mti uko kwako, umeupanda mwenyewe, bado anza serikali ya mtaa au kijiji upate barua, halafu kwa afisa misitu. Na mbao zikitoka hapo kwenda kwingine zinahitaji hati ya kusafirishia, ile tunaita TP, watu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, wanaisimamia na kwenye vizuizi vya barabarani wanaiulizia kabla hata hawajaangalia ulichopakia. Nilimwona jamaa na kirikuu yake imejaa mbao safi kabisa, za halali, kalala nazo barabarani kwa sababu karatasi zimebaki kwa mwenye shamba. Mimi mbao hazipandi kwenye toyo mpaka karatasi iwe mfukoni mwangu, sio mfukoni mwa dereva.

Kuuza mbichi ni haraka ila seremala anakupa bei ya mbichi, na anakukumbusha hilo mara tatu. Kwa hiyo nimekodi kona ya uwanja kwa mzee mmoja, nimeweka matofali chini, napanga mbao na vijiti vya unene mmoja katikati, kila kijiti juu ya mwenzake, la sivyo mbao inapinda. Juu bati kuukuu na mawe, pembeni wazi upepo upite, vichwa napaka mabaki ya rangi ya mafuta ili visikauke haraka kuliko katikati. Za mgrevilea nazigeuza, naziangalia, mbao ikiwa nyepesi mkononi na ukiigonga inalia badala ya kunyamaza namwita seremala.

Bado naitwa deiwaka na bado simu ya kamba ikipigwa naenda, masika ikikaribia ndio kabisa, kila mwenye mti uliolala upande wa nyumba anakumbuka. Tofauti ni kwamba siku hizi opareta akinipigia ananiambia kwanza mti gani na shina futi ngapi, ndio tunakuja kwenye hela ya siku. Wiki hii kuna mjakaranda wa Kijenge, umeoza chini, shina fupi limejipinda. Huo nimemwambia nataka taslimu.