Jinsi nilivyoielewa trimu kwenye simuleta za ndege za kivita

Ukitaka kujua kama mtu ameielewa trimu, yaani kirekebishi kinachoifanya ndege ishike mwendo wake bila kushikiliwa na mkono, mwambie aachie jostiki, ule mpini wa mezani wa kurushia. Ndege iliyotrimiwa vizuri itaendelea na safari yake, mabawa sawa, pua imetulia. Isiyotrimiwa itainua pua au kulala upande ndani ya sekunde tatu. Ndicho kipimo ninachojipima nacho mpaka leo, na ndicho ninachowaanzishia vijana wanaokuja kurusha hapa Chumbageni, Tanga, kabla hawajagusa kitufe cha bunduki.

Kilichonichelewesha kuelewa ni kuifikiria trimu kama usukani wa pili, kitu cha kuinulia pua mkono ukichoka. Sivyo inavyofanya kazi. Aliyepanda ngalawa wakati wa kusi anajua kana, yaani mpini wa usukani, inavyomvuta nahodha mkono. Nahodha wa Sahare hapigani na kana njia nzima mpaka Tanga; analegeza demani, ile kamba ya tanga, au anahamisha watu upande, kana inakuwa nyepesi, chombo kinajiendea. Ndege ni hivyohivyo. Trimu inachagua mwendo ambao ndege itataka kukaa nao, na nguvu ya injini ndiyo inayoamua kama kwa mwendo huo ndege itapanda, itanyooka au itashuka. Ukilishika hili, mengine yote yanakuwa rahisi.

Jaribu mwenyewe. DCS World, simuleta ya kompyuta, inatolewa bure pamoja na ndege mbili, TF-51D na Su-25T, na ramani ya Kaukazi. Kupakua ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo jiandae na bando la usiku. TF-51D ni P-51, ndege ya Wamarekani ya Vita Kuu ya Pili, isiyo na bunduki, na kwa somo hili haina mpinzani. Kabla ya kuruka ingia kwenye mipangilio maalumu ya ndege hiyo, uzime usaidizi wa kupaa na usukani wa kujiendesha wenyewe. Visaidizi hivyo vinakanyaga pedali kwa niaba yako, halafu hujui kosa ni lako au ni la kompyuta.

Panda mpaka futi 5,000. Weka mizunguko ya injini 2,400 kwa dakika na presha ya manifoldi, kipimo cha nguvu ya injini, inchi 36, shika pua isipande wala isishuke, kisha subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Ndege ya namna ile huchukua dakika nzima au zaidi mwendo kutulia, na ukitrimu wakati mwendo bado unaongezeka, unatrimia mwendo ambao sekunde kumi baadaye haupo. Sindano ya mwendo ikisimama, trimu mpaka uweze kuachia. Sasa rudisha presha mpaka inchi 25 bila kugusa kitu kingine. Pua itainama, ndege itaanza kushuka, itayumba juu na chini taratibu, yumbo moja likikaribia dakika nzima, kisha itatulia ikishuka kwa mwendo karibu uleule wa mwanzo. Si sawasawa kabisa, kwa sababu upepo wa propela unaopiga mkia umepungua. Ila utaona kwa macho yako kwamba ndege inautafuta mwendo uliotrimiwa, haitafuti kimo.

Ugumu unaofuata ni wa jostiki ya mezani. Rubani wa kweli anasukumwa mkono na hewa yenyewe. Anazungusha gurudumu la trimu, uzito unaisha mkononi, na mpini unabaki palepale. Jostiki yetu haiijui hewa, inazijua springi zake tu, na springi zinataka kurudi katikati. Ukiganda na mkono mahali pamoja huku unabonyeza trimu, pua itanyanyuka, utaisukuma chini, utabonyeza tena kinyume, na hapo umeanza kukimbizana nayo. Njia inayofanya kazi ni kubadilishana. Kama unavuta jostiki kidogo ili pua ikae, bonyeza trimu ya kupandisha mara moja, fupi, na papo hapo legeza mkono kidogo kuelekea katikati. Bonyeza tena, legeza tena. Wakati wote huo macho yasiwe kwenye jostiki, yawe kwenye upeo wa macho: pua isicheze hata kidogo. Mara nne au tano jostiki iko katikati na ndege haijajua kwamba umebadilisha chochote. Ukibahatika kupata mtumba SideWinder Force Feedback 2 ya Microsoft, mota zake huhamisha katikati ya jostiki pamoja na trimu kwenye simuleta zinazoikubali, na hapo unatrimu karibu kama rubani wa kweli.

Weka trimu kwenye kofia ndogo ya juu ya jostiki: nyuma kupandisha pua, mbele kushusha, kushoto na kulia kwa usukani wa mkia. Kwenye kibodi ya DCS ni Ctrl ya kulia pamoja na nukta kwa kupandisha na nukta-mkato kwa kushusha, lakini vitani hutakuwa na mkono wa ziada wa kutafuta vitufe.

Halafu kuna mipangilio ya mhimili, yaani kila mwelekeo ambao jostiki au pedali husogea. Fungua Controls, chagua ndege, ingia Axis Commands kisha Axis Tune. Kwanza hakikisha kila mhimili umefungwa kwenye kifaa kimoja tu. DCS ina tabia ya kuvipa vifaa vyote mihimili yenyewe, kwa hiyo ukichomeka pedali mpya unaweza kukuta zinagombania elevata (kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua) na jostiki, na pua inacheza bila sababu unayoiona. Futa yote yasiyohitajika. Mkunjo, yaani Curvature, mimi naweka 15 hadi 20 kwenye elevata na aileroni (vibao vya mabawa vinavyolaza ndege upande), kwa sababu jostiki ya mezani ni fupi mno kuliko mpini wa ndege. Kwenye mafuta, yaani mkono wa nguvu ya injini, naacha sifuri.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo trimu na mkunjo vinapokutana. Mkunjo haukuongezei umakini wowote. Unaukopa kutoka pembeni na kuuleta katikati. Karibu na katikati mkono unakwenda sana na elevata inasogea kidogo. Pembeni mkono unakwenda kidogo na elevata inaruka. Ukiruka bila kutrimu, mkono wako unaishi pembeni, kule kulikokopwa. Unalenga adui ukiwa kwenye sehemu mbaya kabisa ya jostiki. Mtu analalamika kwamba Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, inarukaruka kama samaki kwenye wavu, anaongeza mkunjo hadi 30, hali inazidi. Ndege ile elevata yake ni nyepesi kweli, ila tiba ni kutrimu kwanza ili mkono urudi katikati, ndipo ufikirie mkunjo.

Eneo mfu, yaani Deadzone, ile sehemu ya katikati ambayo jostiki ikisogea ndege haijibu, liwe dogo kadiri jostiki inavyoruhusu: 2 au 3. Na hapa hewa ya Tanga inaingia kazini. Jostiki nyingi za bei nafuu zina volyumu ileile ya redio ndani yake: kijia cha kaboni kilichopinda kama kwato ya punda, na kidole chembamba cha bati kinachoteleza juu yake. Unyevu wenye chumvi ukikaa pale pamoja na vumbi jeusi la kaboni iliyolika, namba inaanza kutetemeka. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa za jostiki, uiachie. Msalaba ukitetemeka mkono haupo, hakuna trimu itakayokutuliza.

Chomoa waya, fungua skrubu za chini, piga picha nyaya zilivyopita kabla ya kugusa chochote. Pulizia kidogo dawa ya kusafishia umeme wanayotumia mafundi redio kwenye tundu la volyumu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini, uache ikauke saa nzima. Mafuta ya cherehani usiyasogeze hapo, yanashika vumbi na kurudisha ugonjwa ukiwa mbaya zaidi. Ikiwa baada ya hapo bado inahitaji eneo mfu la zaidi ya 5, badilisha volyumu. Soma maandishi mgongoni, mfano B10K au B100K, na ununue yenye maandishi yaleyale. Herufi ni muhimu: B ni ile inayopanda kwa ulinganifu, A ni ya sauti ya redio, na ukifungiwa A jostiki itakuwa nzito upande mmoja na kali upande mwingine. Jostiki zenye sumaku badala ya kaboni, kama T.16000M ya Thrustmaster, hazina ugonjwa huu kwa sababu hakuna kinachosuguana kwenye kipimo.

Turudi hewani, kwenye gololi iliyo ndani ya mrija uliopinda chini ya dashibodi, inayoonyesha kama ndege inateleza kiubavu. Gololi ikitoka kushoto, kanyaga pedali ya kushoto; ikitoka kulia, ya kulia. Kwenye P-51 na Spitfire za injini ya Merlin propela huzunguka kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka kitini, kwa hiyo mafuta yakiwa mengi na mwendo ni mdogo pua hukimbilia kushoto. Ndiyo maana P-51 hupaa na trimu ya usukani nyuzi 6 kulia, na mpini ukivutwa nyuma mwanzoni ili gurudumu la mkia libaki limefungwa. Spitfire za injini ya Griffon huzungusha propela kinyume, na aliyezoea Merlin akiweka trimu kulia atatoka nje ya njia. Mwendo ukiongezeka, ile trimu ya kupaa inakuwa nyingi mno, gololi inahamia upande wa pili na lazima uipunguze. Fuata mpangilio huu: pua kwanza, gololi pili, aileroni mwisho. Ukianza na aileroni utaficha utelezi ambao ulipaswa kutibiwa na usukani wa mkia, na ndege itakwenda kiubavu mabawa yakiwa sawa, jambo ambalo hutaligundua mpaka risasi zianze kupita pembeni.

Si kila ndege ina trimu zote tatu kitini. P-51 inazo. Spitfire ina ya elevata na ya usukani wa mkia. Bf 109 ya Wajerumani ina gurudumu moja tu upande wa kushoto, jirani na gurudumu la flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), nalo linageuza bawa zima la mkia. Usukani wake wa mkia hurekebishwa chini na fundi kwa kukunja kibati, basi rubani anakanyaga kulia akipanda na kushoto akipiga mbizi kwa kasi. Ukiona 109 inayumba kichwa usipekue vitufe, hakuna cha kupata, tumia mguu.

Kwenye kupiga risasi navunja kanuni yangu kidogo, kwa makusudi. Sitrimu hadi sifuri. Naacha pua nzito kidogo, ili wakati wote nikilenga mkono uwe unavuta kwa wepesi. Sababu ni lile eneo mfu: ukilenga ukiwa katikati kabisa, kila sahihisho dogo linalipita, mkono unasogea bila majibu kisha majibu yanakuja kwa mkupuo, na alama ya bunduki inadunda juu ya shabaha. Ukivuta muda wote, uko upande mmoja tu wa eneo lile. Vilevile trimia mwendo utakaokuwa nao wakati wa kufyatua, usitrimie ule ulionao ukiwa juu. Ukishuka kutoka futi 10,000, mwendo utapanda na pua itataka kunyanyuka. Mibonyezo miwili mitatu ya kushusha kabla ya kuanza inatosha.

Kosa linalovunja mabawa liko kwenye kutoka mbizi. Kwa kasi kubwa elevata ya 109 inakuwa nzito mno, na watu wanaipandisha kwa gurudumu. Inafanya kazi, lakini ukishafika kwenye hewa nzito ya chini elevata inapata nguvu ghafla, trimu yote uliyoizungusha inakupiga kwa pamoja, na unapoteza fahamu au bawa. Zungusha kidogo, subiri ndege ijibu, na pua ikianza kuja rudisha mara moja.

Ukiruka War Thunder, mchezo mwingine wa ndege, kwa kulenga na mausi, kompyuta ndiyo inayoishika ndege, trimu hutaihisi. Helikopta nazo zina desturi yao: Ka-50 na Huey, kitufe cha trimu kinakariri pale jostiki ilipo, nawe urudishe jostiki katikati mara moja. Washa kwenye mipangilio maalumu ile hali ya kusubiri jostiki irudi katikati kabla ya kuisikiliza tena, la sivyo itajumlisha mara mbili na utapinduka.

F/A-18C, ndege ya jeti ya Wamarekani, inajitrimu yenyewe magurudumu yakiwa juu, na wengi wanadhani basi trimu imekwisha kazi. Shusha magurudumu na flapu nzima uone: sasa unatrimia pembe ya mashambulizi, yaani pembe ambayo bawa linaikabili hewa. Bonyeza kupandisha kidogo kidogo mpaka isome nyuzi 8.1 na duara la njano kwenye taa za kando ya kioo liwake. Ikikaa hapo, acha trimu kabisa. Ukiona utafika chini mapema, ongeza mafuta. Ukiwa juu, punguza, mapema na kidogo, bila kuigusa pua mpaka magurudumu yaguse.