Neno "groups" na daftari la mama

Jumatatu ile ya Mei 2023 foleni ya chama chetu cha akiba na mikopo ilianza kabla hatujafungua. Jumatatu ni siku ya vikundi: akina mama wa soko la Arua, Uganda, huleta akiba ya wiki, daftari kwapani, noti zimefungwa kwenye pindo la leso. Saa mbili na nusu karani wa dirisha la pili akaniita. Kila akibonyeza jina la kikundi, skrini inabaki nyeupe. Akaunti za mtu mmoja mmoja zilifunguka bila shida.

Nilijua papo hapo kwamba ni kazi yangu ya Jumamosi usiku. Seva yetu, kompyuta kuu inayotunza akaunti, ilikuwa inaendeshwa na mfumo wa Ubuntu toleo la 18.04, na mwisho wa mwezi ule masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikuwa yanakoma. Chama cha akiba na mikopo kinachoshika pesa za watu hakifai kukalia mfumo usiotengenezwa tena. Basi nilichukua nakala rudufu, nikaunganisha betri za sola ili umeme ukikatika usiniharibie kazi katikati, nikapandisha hadi 20.04. Jumapili nilijaribu kuingia, kuweka, kutoa, kuchapa risiti. Yote sawa. Upande wa vikundi sikuujaribu.

Watu wakisikia "sasisho" hudhani ni kitu kimoja. Hatua ile moja ilinibadilishia PHP, lugha iliyoandikiwa programu yetu, kutoka 7.2 hadi 7.4, na MySQL, hifadhi ya data zetu, kutoka 5.7 hadi 8.0. Juu ya hivyo vyote imekaa programu yetu, iliyoandikwa na kijana aliyehamia Kampala zamani bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Kumbukumbu za makosa zilikuwa zinarudia mstari mmoja: kosa la sintaksi, yaani amri haikuandikwa inavyotakiwa, karibu na neno groups. Jedwali letu la vikundi liliitwa groups tangu siku ya kwanza. Kuanzia MySQL 8.0 neno hilo limehifadhiwa, lugha ya amri zake imelichukua kwa aina mpya ya mahesabu ambayo sisi hatujawahi kuitumia. Ukitaka libaki jina la jedwali lako, lazima ulizungushie kile kialama kilichoinama, kilicho chini ya kitufe cha Esc. Kimoja mbele, kimoja nyuma. Kwenye skrini yangu chafu nilikuwa nashindwa kukitofautisha na vumbi, na nje watu wamesimama juani.

Kurudi nyuma hakuwezekani. MySQL 8.0 ikishabadilisha mafaili ya data, 5.7 haiyasomi tena. Ningerejesha nakala ya Jumamosi, ningefuta pesa ambazo watu walikuwa wamekwisha kuweka asubuhi ile. Hilo sikulifikiria mara mbili.

Kwenye programu yetu neno lilikuwa mahali 63. Sikuthubutu kuyabadilisha yote kwa mkupuo, kwa sababu limo pia kwenye vichwa vya kurasa na majina mengine yasiyohusika. Nikapita moja moja. Katikati ya kazi hiyo mwenyekiti wa kikundi kimoja, mama mtu mzima wa upande wa Vurra, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, pesa zetu zipo?"

"Zipo, mama. Haijapotea hata shilingi. Mlango ndio umekwama."

"Basi nikae?"

"Kaa, mama."

Akakaa kwenye benchi, akafungua daftari, akaanza kujumlisha upya kwa kalamu, mstari kwa mstari. Iliniuma sana. Alikuwa anajihakikishia kwa mkono wake kitu ambacho mimi ndiye niliyeajiriwa kumhakikishia.

Saa saba kurasa zilifunguka. Jioni meneja akaniuliza: kama ilikuwa inafanya kazi, uliigusa ya nini? Nilimkumbusha WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka, sasisho la kuziba tundu hilo, Machi 2017, shambulio likaja Mei, na waliofungiwa mafaili yao ni wale ambao miezi ile miwili haikuwatosha kukiweka. Nikamwambia pia kwamba kilichonikosesha ni mashine ya pili ya kujaribia, ambayo nimeiomba tangu 2021. MySQL Shell, zana ya kuendeshea MySQL, ina ukaguzi wake, util.checkForServerUpgrade(), unaotaja majina yote yatakayogongana na maneno mapya kabla hujapanda. Ningeuendesha kwanza, groups lingetajwa. Kosa hilo ni langu. Mashine si kosa langu.

Mashine nilipewa. Kwa hiyo mwaka 2025, zamu ya 20.04 kukoma kupata masasisho ilipofika, nilipandisha nakala kwanza hadi 22.04, yenye PHP 8.1. Nikamwomba yule mama wa Vurra aje siku ya Jumamosi na daftari lake, akae kando ya karani, tulinganishe.

Ukurasa wa nne tukatofautiana. Mfumo ulisema mwanachama mmoja anadaiwa faini ya shilingi 2,000, daftari likasema hadaiwi kitu.

"Huyu hajawahi kuchelewa," mama akasema, kidole juu ya mstari.

Safari hii kumbukumbu za makosa zilikuwa tupu kabisa, na ndiyo sababu ninayaogopa mabadiliko ya namna hii kuliko skrini nyeupe. Sehemu ya siku za kuchelewa ilikuwa imeachwa wazi. Katika PHP 7, ukilinganisha uwazi huo na sifuri kwa alama mbili za usawa, jibu ni kwamba ni sawa. Kuanzia PHP 8 si sawa. Basi kila ambaye karani hakumjazia sifuri, mfumo ulimhesabu amechelewa. Tulipoangalia, walikuwa wanachama 118.

Nikarekebisha mstari ule mmoja, nikaendesha upya. Mama akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza tena kunisomea.