Tulivyosambaza wifi ya bure mji mzima (na msidanganywe na repita)

Kila nikimwelezea mtu kwamba tumesambaza intaneti ya bure mjini kwetu mpaka vijiji vya jirani, ushauri ninaopewa ni uleule, nunueni repita kubwa, kile kifaa cha kudaka wifi na kuirusha mbele. Jamani, repita haijengi mtandao. Repita ya kawaida inapokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo kila data inaporuka spidi inakatika karibu nusu, ruka mara tatu nne umebaki na kitu ambacho picha ya WhatsApp inazunguka tu haifunguki. Ushauri huu nimeupata hata kwa mafundi wenye maduka yao, na watu wanamwaga hela kwa ajili yake, ndo mana naandika.

Mimi Mtanzania, naishi Ujerumani upande wa mto Rhine, mji mdogo. Huku kuna harakati inaitwa Freifunk, ilianzia Berlin miaka ya 2000 mwanzoni, ni watu wa kujitolea tu, kila mmoja anaweka ruta yake dirishani, ruta zinatafutana zenyewe na kupitishiana data, hakuna bili, hakuna kujisajili, hakuna paswedi. Makubaliano ni kwamba data ya mwenzako inapita kwako bure na wewe yako inapita kwake bure, basi.

Nilijiunga 2015, ule mwaka wakimbizi walikuja kwa wingi. Halmashauri ikawalaza watu kwenye ukumbi wa michezo nje kidogo ya mji, intaneti hakuna. Nilikuwa naenda pale kutafsiri kwa sababu kulikuwa na Wakongo wa Bukavu na vijana wa Kisomali waliokulia Eastleigh, Kiswahili chao kimejaa Sheng. Mmoja akaniambia, "Bro, mathe hajasikia sauti yangu tangu nitoke Libya, anadhani nimezama." Baada ya hapo sikuhitaji kushawishiwa na mtu.

Kuweka programu kwenye ruta ni dakika chache, unaweka Gluon, ndo programu ya Freifunk ya ndani ya ruta, unabonyeza kile kitufe cha nyuma mpaka taa iwake na kuzima, unajaza jina na mahali ilipo, imeisha. Wakati ule tulitumia TP-Link WR841N, euro 15 mpaka 20 hivi moja. Kazi yenyewe ni watu. Wenye maduka waliogopa sana, na walikuwa na haki ya kuogopa. Sheria ya hapa ilikuwa inambebesha lawama mwenye laini, mgeni akishusha filamu ya wizi kwenye wifi yako barua ya mwanasheria inakuja kwako na inadai mamia ya euro. Sheria hiyo waliibadilisha 2017, lakini sisi tulianza kabla. Freifunk walishapata njia, data yote ya wageni inaingia kwenye VPN, yaani njia iliyofungwa ndani ya intaneti, na kutokea kwa chama, sio kwa mwenye duka. Kwetu ni chama cha Freifunk Rheinland ambacho kimesajiliwa kama mtoa huduma na kina anwani zake za intaneti. Vikundi vingine walikuwa wanazungusha data mpaka Sweden ndo itoke. Mwenye duka la kebabu nilimchorea hayo kwenye karatasi ya kufungia chakula, akauliza umeme je, nikamwambia ni wati 3 au 4, kwa mwaka mzima kama euro 10, akasema weka. Kinyozi wa jirani akaona, naye akataka. Usianze na ofisi kubwa, anza na watu ambao wateja wao wanakaa kusubiri.

Na usiweke ruta nyuma ya dirisha jipya bila kupima! Vioo vya kisasa vya kuzuia baridi vina utando mwembamba wa chuma, wifi inapita kwa shida sana, unakaa kulaumu ruta bure.

Sasa ukumbi wa wakimbizi. Toka kwenye nyumba ya mwisho yenye laini nzuri mpaka pale ni kama kilomita 2, katikati kuna miti. Jamaa mmoja mwenye ujuzi wa antena akasema weka tu mipangilio ya nchi iwe Marekani, nguvu itapanda, itapenya. Nilikataa na mpaka leo nakataa. Masafa ya 5 GHz ya nje huku yanashirikiana na rada za hali ya hewa, kifaa kinatakiwa kisikilize kwanza, kwenye chaneli za rada hizo kinakaa kimya dakika 10 kabla ya kurusha, wengine wakiona hivyo wanadhani kimeharibika. Ukidanganya nchi unawachafulia rada wanaotabiri dhoruba, na mti wenye majani mabichi hata hivyo haupenyeki kwa nguvu, majani ni maji na maji yanakula mawimbi. Halafu kuonana kwa macho peke yake hakutoshi, kwa umbali ule pale katikati unahitaji nafasi tupu ya kama mita 5 kila upande wa mstari. Kwa hiyo dawa ni moja, kwenda juu.

Juu ni mnara wa kanisa. Paroko alikubali siku ileile, tena kwa furaha. Wagumu walikuwa wa hifadhi ya majengo ya kale, antena isionekane na ukuta usitobolewe. Msimamizi wa jengo, mzee mmoja mpole, akatuongezea na la bundi, wana kiota mule, ikifika machi hakuna kupanda mpaka watoto wao waruke. Tukaingia kabla ya machi, tukafunga mlingoti kwenye boriti kwa vibanio vyenye mpira ndani, hakuna tundu hata moja, unafungua unaondoka hakuna alama. Hilo ndo liliwalainisha wale wa hifadhi, sio barua zetu ndefu. Mlingoti wenyewe tuliupata bure kwa mtu aliyekuwa anang'oa dishi la TV, antena mbili za NanoStation pamoja na waya zilikula kama mia mbili, tulichanga.

Antena ikakaa ndani, nyuma ya vile vibao vya mlazo vya madirisha ya kengele. Mwenzangu yuko ukumbini na simu, ananisomea namba za nguvu ya mawimbi, mimi juu naizungusha antena kidogo kidogo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mbao, sabini na nane, sabini na moja, sitini na nne, namba ni hasi kwa hiyo ikishuka ndo uzuri, nikakaza. Ukumbini watu walipiga kelele nikazisikia kwenye simu. Yule kijana alimpigia mama yake video jioni ileile.

Wiki haijaisha mvua ikanyesha mfululizo na laini ikafa. Ikikauka inarudi, ikinyesha inakufa. Tukaambiwa waya umeingia maji, tukabadilisha waya, wapi. Tukaambiwa badilisha antena, tungebadilisha kama hela ingekuwepo. Mimi nikawa naandika saa laini inapokatika na saa mvua inapoanza, nikagundua haikatiki mvua inapoanza, inakatika baadaye, na inachelewa kurudi hata jua likishatoka. Kumbe ni vibao! Mbao kuukuu inakunywa maji taratibu na inakauka taratibu, ikishalowa ni ukuta. Seremala mmoja, mwumini wa palepale, akatukatia vibao vya plastiki vya kipimo kilekile, tukavipaka rangi isiyo na chembe za chuma mpaka chini huwezi kuvitofautisha, na vile vya zamani tukavifunga vizuri tukaviacha mnarani ili siku yoyote virudishwe. Wa hifadhi wakaja, wakaangalia na darubini, wakasaini. Tangu hapo mvua hata inyeshe usiku kucha laini ipo.

Toka mnara ule tukarusha vijijini, zizi la mkulima mmoja, kituo cha zimamoto, shule. Zile WR841N tumezistaafisha, kumbukumbu yake ni ndogo mno kwa programu za sasa, na ruta isiyopata sasisho za usalama msiiache hewani hata kama inafanya kazi.

Wanaouliza kama nyumbani inawezekana, waangalie TunapandaNET, mtandao wa jamii pale Kibera, Nairobi, na Kenya ilishaweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii 2021. Tanzania waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla hamjapandisha kitu juu. Na mlioko huku upande wa Rhine, mkiwa na mlingoti wa dishi usiotumika msiupeleke jalalani, semeni tuje kuung'oa wenyewe, zimamoto wanataka wa pili.