Nyekundu, nyekundu, kijani: nilivyozoea kuruka jirani na anga ya Washington

Ukiwa rubani wa ndege ndogo huku Maryland, Marekani, kuna taa moja unayoisomea kwa bidii zote huku ukiomba Mungu usiione maisha yako yote. Ni mwali wa leza unaorushwa kutoka ardhini, eneo la Washington, na kuelekezwa kwenye ndege moja tu: ile inayoshukiwa kuingia anga iliyozuiwa bila ruhusa, au inayokwenda uelekeo ambao wanajeshi wanaona una hatari. Inawaka nyekundu, nyekundu, kijani, kisha inaanza upya.

Jamaa wengi wa Afrika Mashariki tunaoishi huku wameniuliza kuhusu taa hiyo, hasa vijana wanaotamani urubani. Wameambiwa kwamba ukipotea kidogo tu karibu na Washington unatunguliwa. Wapo walioacha kabisa kwa ajili ya maneno hayo, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu hofu hiyo nami niliipitia na leo naruka pale pale. Ndiyo maana naeleza nilivyofanya.

Nilisomea Frederick, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Washington. Kwa kuwa sikuwa raia wa Marekani, ilibidi kwanza nipitishwe na TSA, idara ya usalama wa usafiri: alama za vidole, pasipoti, fomu, na kusubiri. Hayo ni makaratasi, ukiwa na subira yanapita. Kazi kubwa ni ramani.

Uwanja wa Frederick umebanwa pande mbili. Kaskazini, karibu na mji wa Thurmont, iko Camp David, mahali pa mapumziko pa rais. Kuizunguka kuna duara la nusu-kipenyo cha maili tatu za baharini, kuanzia ardhini hadi futi 5,000, ambalo huingii siku yoyote ile, na rais akiwapo duara hilo hutanuliwa. Kusini ndiko kwenye duara kubwa, ambalo marubani hulitaja kwa herufi zake, SFRA, yaani eneo lenye sheria maalumu za kuruka. Linafika maili 30 za baharini kutoka kitovu chake pale uwanja wa Reagan National, na linaanzia ardhini hadi chini kidogo ya futi 18,000. Ndani yake kuna duara dogo, FRZ, la maili 13 hadi 15 hivi, ambalo ndege binafsi haiingii bila rubani kuchunguzwa na kupewa kibali maalumu. Katikati kabisa ni P-56, yaani Ikulu ya White House na jengo la Bunge, na hapo kwa mtu kama mimi hakuna mjadala.

Sasa ruka kutoka Frederick, ufuate barabara kuu ya 270 kuelekea kusini-mashariki kama mtu anayekwenda kazini. Barabara ile ni nyoofu, inaonekana vizuri kutoka juu, na inakupeleka moja kwa moja ndani ya duara. Chini hakuna ukuta wala rangi ya kukuonyesha mpaka. Kilichopo ni mlima Sugarloaf, futi 1,282, umesimama peke yake katikati ya mashamba, na mstari wa maili 30 unapita karibu yake kabisa. Mwalimu wangu alinionyesha mlima ule siku za mwanzo kabisa. Akasema, "Sugarloaf ikifika usawa wa bawa lako na bado hujaongea na mtu, umechelewa." Maneno hayo yalinikaa kuliko kurasa zote nilizosoma.

Ni vizuri kujua taa zenyewe zilitokea wapi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, anga ya Washington iliwekewa masharti, mwaka 2003 likatangazwa eneo la ulinzi, na mwaka 2009 likafanywa la kudumu. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 11 Mei 2005, Cessna 150 iliyotoka Smoketown, Pennsylvania, ikielekea North Carolina, iliingia ndani hadi ikabakiza maili chache kufika White House. Watu walitolewa mbio White House na Bungeni, ndege za kivita za F-16 zikaipita na kudondosha mafataki ya mwanga ili waliomo waelewe. Siku kumi baadaye, Mei 21, NORAD, kamandi inayolinda anga ya Amerika Kaskazini, ilianza kutumia leza za onyo. Mfumo wenyewe ulikuwa umeshaandaliwa na kufanyiwa majaribio kabla ya tukio lile, na maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT ilikuwa na mkono wake katika kuutengeneza.

Nilipofikiria tukio la Smoketown nilielewa kwa nini taa inahitajika. Redio inamfikia rubani aliye kwenye masafa sahihi tu, na aliyepotea mara nyingi yuko kwenye masafa mengine au redio imemgomea. Ndege ya kivita nayo ina shida yake: Cessna inakwenda noti mia moja na kitu, yaani maili za baharini kwa saa, F-16 haiwezi kutambaa pembeni yake kwa mwendo huo, inabidi ipite na kuzunguka tena na tena. Leza inafika papo hapo, haihitaji masafa, na inamlenga mmoja bila kuwagusa wengine. Inaonekana usiku na mchana. Wanaoiendesha wana kamera za kuitambua ndege kabla ya kuimulika, na mwaka 2023 NORAD ilitangaza kamera na vifaa vipya vinavyoona mbali zaidi.

Jambo lililonisumbua mwanzoni ni macho. Kila rubani anafundishwa kuikimbia leza. Kuna watu wanaosimama uani kwao na kumulika ndege zinazotua, na mwaka 2023 pekee FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilipokea ripoti 13,304 za namna hiyo. Ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 2012, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Mwanga wa watu hao, mara nyingi kijani, unaweza kukupofusha kwa muda ukiwa karibu kugusa ardhi. Unafundishwa kutoutazama, kukinga macho, na kumwambia mwongoza ndege. Halafu mtu yule yule anayekufundisha hayo anakwambia kuna leza nyingine ya serikali, na hiyo usiipuuze. Tofauti yake ni mpangilio. Nyekundu mbili na kijani moja, zinajirudia. Taa ya mkononi ya mnara wa waongoza ndege, ile inayotumika redio ikifa, nayo ina nyekundu na kijani kwa kupokezana, lakini maana yake ni kuongeza tahadhari. Hii ya Washington ina nyekundu mbili, na FAA imeandika wazi kwamba mwali wake haudhuru macho ya rubani wala abiria, uwe karibu au mbali. Kusoma hilo kulinituliza sana.

Baada ya hapo nilifanya kozi ya FAA ya mtandaoni, ALC-405. Ni ya bure, na ni lazima kwa yeyote anayeruka kwa kutazama nje ndani ya maili 60 za baharini kutoka kitovu, hata kama hana nia ya kuingia ndani ya duara. Cheti chake unatembea nacho. Kozi inakwambia ukimulikwa ufanye nini, na majibu ni mawili. Kama tayari unaongea na mwongoza ndege, mwambie mara moja kwamba unamulikwa. Kama huongei na mtu, geuka kwanza uondoke kitovuni kwa njia ya mkato, kisha ita kwenye masafa ya dharura, 121.5.

Kusoma ni rahisi. Ila jiulize: uko juu, kuna ukungu mwembamba, mwanga unakupiga usoni, kitovu kiko upande gani? Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi.

Mwalimu wangu alinipa njia ambayo naitumia mpaka leo. Pale Reagan National kuna mtambo wa VOR, unaorusha mawimbi ya redio ya kumwonyesha rubani uelekeo, masafa yake 111.0, na ndicho kitovu chenyewe cha mduara. Nikikaribia upande wa kusini nauweka kwenye redio ya uongozaji. Kisha nashika kitufe kilicho chini ya saa ya VOR, kile kipimo chenye sindano mbele ya rubani, na kukizungusha taratibu mpaka sindano inyooke katikati na kidirisha kiandike FROM, yaani kutoka kwenye mtambo. Namba inayosomeka juu ya saa ndiyo uelekeo wa kuondoka. Ukiwa karibu na Frederick itakuwa mia tatu arobaini na kitu. Huna haja ya kupiga hesabu wala kutafuta Washington kwenye ramani. Jibu limeandikwa mbele yako, na kila baada ya dakika chache unalisahihisha. Siku hizi vifaa vya GPS vinachora duara lote kwa rangi kwenye skrini, navyo ninavitumia, lakini skrini huzimika, na mwanga wa jua huifuta. Sindano ya VOR siachani nayo.

Tulifanya mazoezi nje ya duara, juu ya mashamba ya magharibi. Ninaendesha, tunaongea mambo mengine kabisa, ghafla anapaza sauti: "Nyekundu, nyekundu, kijani!" Nainamisha bawa, nageukia namba iliyo kwenye saa, nanyoosha, na hapo tu ndipo mkono unakwenda kwenye redio: 121.5, jina la ndege, mahali nilipo, nimeona onyo, ninaondoka. Mikono kwanza, mdomo baadaye. Tulirudia mpaka nikawa nageuka kabla hajamaliza kutamka kijani. Tulifanya pia zoezi la kuzuiwa njiani na ndege ya kivita: inakuja upande wa kushoto, inatikisa mabawa, nawe unatikisa yako na kuifuata. Hilo halikunipa taabu, kwa sababu ukishaona ndege yenye makombora pembeni yako, huhitaji kukumbushwa.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuingia ndani ya SFRA kwa ruhusa, na hapo niligundua kwamba ruhusa yenyewe ni jambo dogo. Yanahitajika mambo matatu: mpango wa safari wa SFRA uliowasilishwa mapema, redio ya kuongea na Potomac, kituo cha waongoza ndege wa eneo hilo, na namba ya tarakimu nne uliyopewa wewe peke yako kwa ajili ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada. Namba ya kawaida ya 1200, ile ya ndege isiyopewa namba yake, ni marufuku ndani ya duara. Na kupewa namba hakutoshi. Unasubiri mpaka mwongozaji akwambie ameiona kwenye rada yake.

Kaka wa mke wangu alipotutembelea kutoka Tanga nilimchukua twende Gaithersburg, uwanja ulio ndani ya SFRA ila nje ya duara dogo. Kabla ya kuwasha injini nilimweka chini ya bawa nikamweleza milango, mikanda, na taa.

"Shemeji," nikamwambia, "ukiona popote pale mwanga mwekundu mara mbili halafu kijani, usinyamaze kwa heshima. Niambie hata kama naongea na redio."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitawaambia walio kwenye redio, na watakachosema ndicho tutakachofuata."

Akaniuliza kama kuna uwezekano wa kupigwa. Nikamwambia ukweli: pale kuna silaha, na sheria inaruhusu zitumike kwa ndege inayoonekana ni tishio. Ndiyo sababu tunaongea nao kabla hatujafika, ili wasiwe na cha kujiuliza.

Tuliruka, nikaita Potomac, na kituo kilikuwa na shughuli nyingi. Nikaambiwa nisubiri nje. Kwa hiyo nikazunguka kaskazini mwa Sugarloaf, futi 2,000, sindano ya VOR katikati, huku shemeji akiangalia mlima unapita dirishani kwake kila mara.

"Mbona tunazunguka shemeji? Si barabara ile pale?"

"Barabara ninaiona. Bila namba siingii."

Namba ilikuja. Nikaisoma kwa sauti kumrudishia mwongozaji, nikaibonyeza tarakimu moja baada ya nyingine, na shemeji akaangalia kila kidole. Sekunde zikapita. Kisha mwongozaji akasema ameniona, niendelee, nibaki nje ya anga ya viwanja vikubwa. Nikanyoosha bawa kuelekea kusini. Tulifika Gaithersburg muda si mrefu, na ile namba sikuigusa mpaka magurudumu yalipokuwa chini. Kurudi ni mpango mwingine na namba nyingine, unayoipata kwa redio au simu ukiwa bado ardhini. Mpango wa kwanza umeshakufa ukitua.

Taa yenyewe sijawahi kuelekezewa. Nilivyojiandaa, nina imani nayo zaidi kuliko nilivyokuwa nikiiogopa, kwa sababu ni nafasi anayopewa mtu aliyepotea kabla mambo hayajafika kwa ndege za kivita.

Kwa sasa wapo vijana wawili wanaosoma Frederick, mmoja wa Arusha na mwingine wa Kisumu, ambao huja kwangu jioni. Natandaza ramani mezani, naweka sarafu mahali popote, na kuwauliza: uko hapa, umemulikwa, hakuna anayekujibu, unageukia nyuzi ngapi? Wa Kisumu anajibu haraka. Wa Arusha bado anatafuta Washington kwanza, kwa hiyo Jumamosi tutaendelea naye.